Foklifti ya Gesi na Dereva Wake

Mwenye godauni letu la mchele hakuwa mtu wa kuficha ukatili wake. Alituita mimi na Mzee asubuhi, akatuonyesha foklifti mbili, mashine za kuinulia mizigo, zilizoletwa kwa majaribio, zote za aina ile inayojipinda kiunoni ili ipite kwenye vijia vyembamba kati ya rafu. Moja ilitumia gesi, nyingine stima.

"Moja itabaki na dereva wake," akasema. "Ile ingine irudi na wake."

Kisha akaenda kunywa chai.

Mzee ndiye aliyenifundisha kazi hii, wakati makuli wote walisema mwanamke atamwaga mchele wa Ahero sakafuni. Alipewa ya gesi kwa kuwa alizoea mitungi. Mimi nikapewa ya stima, kwa sababu, bosi alisema, angalau yenyewe haipigi kelele kama mimi. Nilimtukana kimoyomoyo, nikapanda.

Siku za mwanzo Mzee alinichapa mashindanoni. Stima ya Kisumu tunaijua: wingu likikohoa tu upande wa Nandi, imepotea. Betri yangu iliisha mchana na chaja ikawa pambo la ukutani. Makuli walifurahi kama wako harusini.

"Mama, hiyo kitu yako imelala. Letea yeye blanketi!"

Mzee naye alinipigia honi kila alipopita, paleti ya magunia juu, meno yote nje. Nilitamani gesi yake iishe. Ilipoisha, alibadilisha mtungi kabla sijamaliza kufurahi.

Halafu wadudu wa ziwa wakaja. Wanainuka majini kama moshi, wanaelea hadi mjini, hawaumi, lakini wanajaa kila penye uwazi. Magunia yetu yalikuwa midomo wazi, yakingoja kushonwa, kwa hiyo milango yote ilifungwa na matambara yakasokomezwa chini yake. Kwa desturi yetu, tukishafunga hivyo, mashine ya gesi hukaa nje. Siku hiyo kulikuwa na mashindano, na bosi akaiacha iendelee ndani.

Stima ilikuwepo, yangu ikawa inateleza kimya. Hewa chafu ya gesi huioni, unaisikia kichwani. Makuli walianza kutoka mmoja mmoja kwa mlango wa ofisi, wameshika vipaji vya nyuso. Nilisimama kando ya Mzee.

"Mzee, zima hiyo mashine utoke."

"Nyara," akasema, akiniita binti yake kwa Kijaluo, macho mekundu. "Nikitoka leo, nimetoka kabisa. Songa, unazibia mimi njia."

Nikamkimbilia bosi ofisini. Alijibu kwamba mtu mzima anajua mwili wake.

Niliporudi, Mzee alikuwa akikata kona ya mwisho. Alishusha paleti mahali pake sawasawa, akatapika, akalalia usukani. Tulimburuta nje, wadudu wakamjaa ndevuni. Bosi alikuja mbio, akamruka pale chini, akausukuma mlango ufungwe.

"Mchele iko sawa?" akauliza.

Ya stima ikabaki, nami nikabaki nayo. Mzee alirudi kwao Port Victoria. Ushindi ule ulinichukiza hata chakula kikanishinda.

Baada ya muda bosi akaniambia nimpigie Mzee simu, kuna kazi ya mashine. Nilipiga kwa furaha, nikasahau hata kumsalimu. Alifika kesho yake amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani.

"Nilijua tu," akaniambia, akinishika mkono. "Hapa bila mimi hakuwezi."

Lori lilikuwa uani, mbao za kupandia zimeshushwa. Bosi akamtupia ufunguo.

"Mzee, pandisha hiyo ya gesi, wenyewe wanaichukua. Huyu Mama sitaki aache kazi ndani."

Mzee aliutazama ufunguo, akanitazama mimi. Nilikuwa nimedanganywa kama yeye, ila mimi nilikuwa na kazi. Alikunja mikono ya shati, akaipandisha bila kugusa ukingo, akashuka, akarudisha ufunguo kwa mikono miwili.

"Asante, Mzee," bosi akasema, akaingia ofisini.

Mzee akamwomba mwenye lori amfikishe steji ya matatu. Yule akasema mbele kumejaa.

"Panda nyuma, Mzee. Kaa na mashine yako."

Akapanda, akakaa kwenye kiti cha foklifti, na lori likatoka getini.