Damu ya Bi Mto na Mafuta ya Mama

Dada yangu Yosr anaitwa Bi Mto, na jina alilipata arusini. Siku ya hina ya binamu yetu hapa Sfax, ngoma inapasua masikio, mashangazi wanapiga vigelegele, yeye akalala kwenye mto wa bibi arusi, mdomo wazi. Mjomba Mokhtar akampiga picha, akaigeuza stika, akairusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Tangu hapo mtu akisema tu "leo nimechoka", stika zinamwagika. Bingwa wa kuituma? Mama yetu mwenyewe.

Jamani, Yosr hakuwa mvivu. Msimu uliopita alichuma zeituni siku moja, akabaki kitandani wiki tatu, hata kuoga anaoga amekaa. Vipimo vya kawaida vyote vikasema mzima. Basi Mama akatangaza mwaka huu shambani anaenda, atake asitake.

"Mzima analalia nini? Jasho litakuamsha, binti yangu."

Yosr akaliogopa shamba kuliko sindano. Akajiandikisha kwenye utafiti wa Daktari Chiraz pale hospitali. Wanachukua damu, wanapima mamia ya vitu vidogo vinavyobaki mwili ukichoma chakula, waone kama kwa wenye uchovu sugu vimepangika tofauti. Sharti moja tu: usile kitu tangu jioni.

Kesho yake simu ikalia. "Yosr, ulikula nini? Damu yako ina ukungu kama maziwa!"

Mama akanyakua simu. "Hajala, daktari! Wallahi hata tonge! Nilimpa kikombe cha mafuta ya zeituni tu."

"Mama!" tukapiga kelele wote wawili.

"Kwani mafuta ni chakula? Mafuta ni dawa! Mlitaka azimie huko, watu waseme kwangu hakuna mafuta?"

Na Sfax, mji wa zeituni, bora nyumba ikose mlango kuliko mafuta.

Damu ikarudiwa. Safari hii alfajiri mimi, Hela, nikakalia mtungi wa mafuta. Mama akawa ananizunguka kama paka kaona samaki.

"Hela, inuka mwanangu, niufute mtungi."

"Futa ukuta, Mama."

Majibu yalipotoka tukaenda watatu. Daktari Chiraz akasema, "Hiki bado ni kipimo cha utafiti, peke yake hakitoshi. Lakini ukikijumlisha na dalili zake, ni uchovu sugu. Vile vitu vimeshuka kwa mpangilio uleule tunaouona kwa wenzake. Akijilazimisha kazi, anazidi kuumwa."

"Kwa hiyo hakuwa anajifanya?"

"Hakuwa anajifanya, mama."

Mama akavuta kiti chake karibu na Yosr. Yosr akalia, mimi nikajidai nasoma bango la chanjo ukutani.

Dawa ya kuponya hakuna, ameambiwa apumzike kabla hajachoka. Siku ya kuanza kuchuma, Mjomba Mokhtar akauliza kwenye kundi, "Bi Mto anakuja au?" Na stika juu. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti, nyumba nzima ikasikia: "Mokhtar, mwanangu anaumwa, damu imesema! Futa hiyo picha kabla sijaja kuchuma masharubu yako!"

Yosr akaandika kutoka kitandani: "Msiifute bwana, nilipendeza."

Haya, zamu yenu. Kwenu ni nani aliitwa mvivu kumbe anaumwa? Na mama yako aliwahi kuharibu kipimo gani kwa mapenzi? Mwageni hapo chini. Yosr anasoma zote, akiwa amelala.