Mshonaji Aomba Muda

Fundi wa nguo huchapa kwenye kompyuta kama anayetunga uzi kwenye sindano: kichwa kimeinama, jicho moja limefinywa, ulimi umebanwa pembeni mwa mdomo. Kila neno hulisoma kwa sauti ya chini, kisha hupangusa kidole kwenye gauni kabla ya kubonyeza tena. Mambo ya kodi ya mapato yalikuwa kazi ya marehemu mumewe. Mwaka huu risiti bado hazijakusanyika, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, kwa hiyo ameketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, anaomba kuongezewa muda. Mtandao ukimtupa nje, anashusha pumzi na kuanza upya bila kununa.

"Lete nikufanyie, shemeji," mdogo wa marehemu akamwambia, mkono tayari uko juu ya kibodi.

"Toa mkono, shemeji. Nikikuachia leo, na mwakani nitakuita."

Akabonyeza kutuma. Duara likazunguka, likazunguka, kisha maandishi ya kijani yakajitokeza: ombi limekubaliwa. Akavua miwani taratibu, akamgeuzia shemeji yake kompyuta.

"Nisomee jina la mwombaji."

Shemeji akasoma. Lilikuwa jina la fundi mwenyewe, si la mumewe.

"Soma tena," akasema, akinyoosha mgongo. "Na usinong'one."