Kamera Imezimwa

Juzi nilitazama filamu ya kale ya Kihispania isiyo na sauti. Mwigizaji wake mkuu ndiye pia aliyekuwa mwongozaji, na humo alikuwa akiigiza na kuwaongoza wenzake kwa wakati mmoja. Nikamkumbuka baba, nikazima televisheni.

Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Kiarabu mjini Umm Salal, mama mtumishi wa ndani, na sote tulilala chumba cha uani. Alasiri ile wenye nyumba walitoka. Baba akavaa kanzu yake ya Idi, akaweka kamera juu ya meza ya sebuleni, akajitandaza kwenye kochi lililonukia udi. Video ilikuwa ya kumpelekea bibi Tanga.

"Mama Zuhura, sogea huku. Zuhura, cheka, bibi akuone."

Nilicheka kwelikweli, maana niliamini tumehamia nyumba kubwa.

Mlango ukafunguliwa. Madamu, mwenye nyumba, alikuwa amerudi. Baba aliruka, akazima kamera, akainama mikono kifuani.

"Samahani, madamu. Samahani sana."

Sauti ilikuwa nyembamba, siyo yake. Nilidhani bado anaigiza, tena vibaya. Nikamvuta kanzu.

"Baba, basi. Kamera imezimwa."

Mama akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka dawa ya kupigia deki.