Ejo ya Shemeji

Safari ya kwenda Tabora niliipanga nikiwa simwamini mtu yeyote, na wa kwanza nisiyemwamini alikuwa shemeji yangu.

Dada yangu, tumbo moja, ndiye pekee aliyebaki kwetu baada ya mama. Alikuwa amelazwa hospitali kule, akisubiri kupasuliwa. Asubuhi ile nilimpigia simu mumewe, mtu wa mtaa wetu wa Buyenzi, huku kwa Warundi, ingawa Tanzania imemchukua miaka mingi. Nikamwuliza operesheni ni lini.

"Ejo, shemeki." Kesho, nikajiambia.

"Mpe simu nimsalimie."

"Amelala."

Dada yangu hajawahi kulala mchana tangu tuko watoto. Nikamwambia naondoka, nitapita njia ya haraka kuliko zote. Hapo akaanza kunibembeleza: "Apana, kuja polepole. Ukifika Kigoma upumuzike kwanza. Mugonjwa iko sawa." Nikakata simu nikiwa na hasira. Kwa nini mtu amzuie dada wa mgonjwa asikimbie? Nilifikiri labda amemtoa hospitali na kumpeleka kwa mganga, au hataki nione jinsi anavyomtunza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikatoka kutafuta njia mwenyewe. Kwenye maegesho ya mabasi dalali mmoja alinipokea kwa tabasamu, na mimi tabasamu la dalali huwa linanitia homa. Akanipangia safari nzima kwa ulimi: basi la kufuata ziwa mpaka Mabanda, pale nipande taksi ya kunivusha mpaka wa Mugina, ng'ambo Manyovu kuna gari la Kigoma, Kigoma kuna treni.

"Na hilo basi la Mabanda liko wapi?"

"Gari iko, mama. Ni mazutu tu ndiyo haina." Yaani dizeli.

Nikamwuliza treni inaondoka Kigoma siku gani. Akasema kila siku. Mwanamke aliyekuwa amekalia magunia yake pembeni akacheka, akasema haijawahi kuondoka kila siku tangu azaliwe. Dalali akamkatalia kwa kiapo. Sikumwamini dalali, na huyo mwanamke pia nilimtilia shaka, maana alianza kunisifia basi la kupitia mpaka wa Kobero ambalo, nilivyoona, alikuwa anatafuta wenzake wa kulijaza.

Nikashuka bandarini. Nilisikia kuna boti ya mizigo inakwenda Kigoma na huwa inabeba abiria wawili watatu. Mpakuzi mmoja alinionyesha boti yenyewe, iko kweli, inapakiwa.

"Itatoka lini?"

"Ikijaa."

"Na itajaa lini?"

"Siku itatoka."

Nilimtazama kama ananidhihaki, kumbe alikuwa ananijibu kwa moyo mweupe. Nikakaa juu ya gogo pale bandarini nikiunganisha vipande vya safari kichwani, na kila kipande kilikuwa kimeshikwa na mtu nisiyemwamini. Nikaona kwa njia yoyote sitafika kabla ya kisu. Angalau asikie sauti yangu kabla hawajamwingiza. Nikapiga tena.

"Shemeji, kesho kabla hawajampeleka chumba cha operesheni, umwekee simu sikioni. Umesikia?"

Sauti yake ikashuka.

"Shemeki, mi nilisema ejo."

"Ndiyo, kesho."

"Apana. Ejo ile imepita."

Kirundi kina neno hilo moja kwa jana na kwa kesho, na kitenzi ndicho kinachokuonyesha upande. Yeye alilitamka peke yake, halina mbele wala nyuma. Mpaka leo sijui kama lilimteleza au alilichagua.

Operesheni ilikuwa jana, na mtu huyu ananiambia nije polepole. Mgonjwa angepona, alhamdulillahi ingekuwa neno lake la kwanza. Huku kwetu msafiri haambiwi kifo kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa yupo, njoo taratibu, asije akaanguka njiani peke yake. Mimi mwenyewe nimeshawaambia watu hivyo. Na sisi Waislamu maiti hatumlazi; mtu anayeambiwa asiharakishe ameshachelewa maziko.

Nililia pale mbele ya wapakuzi, na sikuona aibu. Shemeji alikuwa bado kwenye simu, nasikia anavyovuta pumzi. Hakunidanganya tena, na mimi sikumlazimisha aseme neno lenyewe. Nilimwuliza kituo kimoja tu kilichobaki katika safari yangu: nikishuka stesheni ya Tabora, kwenda makaburini mtu anapanda nini.

"Ni karibu, shemeki," akasema. "Tutaenda na miguu."