Kilima Alichokipenda Shangazi

Nilipoanza kucheza, nilikuwa nafunga mlango kwanza. Mtu wa umri wangu, mwenye mke, anayeitwa papa na watoto wa jirani, hapendi kukutwa mchana kweupe ameshika manete, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, kama mwanafunzi aliyetoroka shule. Lakini ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa imefungwa tangu vita ilipoingia mjini, na rafiki yangu mmoja, alipohamia Kampala, aliniachia mashine yake ya michezo pamoja na diski moja tu. Aliniambia hiyo moja itanishika muda mrefu. Alisema kweli.

Ulikuwa mchezo wa kujichagulia maisha. Unapewa mtu, unamvika, unaamua awe mwema au mwovu, kisha unaachiwa nchi nzima uizunguke upendavyo: misitu, mito, miji yenye kuta, vijiji. Kulikuwa na habari kubwa ya kufuata mpaka mwisho, ya mabwana wawili waliogombania kiti cha mfalme, lakini hakuna aliyekulazimisha kuifuata. Ukitaka, unakaa mtoni na kuvua samaki mpaka uchoke.

Halafu shangazi yangu akatufikia. Ni dada mkubwa wa marehemu baba. Alishuka kutoka milima ya Masisi na furushi moja na sufuria, miguu imevimba, akaingia kwetu mtaa wa Mapendo kama mtu aliyekuja kusalimia tu na atarudi kesho. Hatukumuuliza mengi. Mke wangu alimpa sebule alale, na kwa kuwa televizio ilikuwa hapohapo sebuleni, sikuwa tena na mlango wa kufunga.

Siku za kwanza alinipa mgongo. Aliketi kwenye kigoda akichambua maharagi, mimi nikacheza sauti ikiwa chini, na aibu ilinikaa shingoni. Mwanamke aliyepoteza nyumba na ng'ombe anachambua maharagi yetu, na mimi, mtoto wa ndugu yake, napigana na majambazi wa uongo. Nilijiambia nitaacha. Sikuacha.

Siku moja yule mtu wangu wa mchezoni alipanda kilima fulani kilichokuwa mbali na kila kitu. Palikuwa na majani marefu yanayolala upepo ukipita, nyumba ya mawe, kisima, na ng'ombe wachache wenye pembe ndefu. Nilisikia maharagi yamenyamaza kwenye ungo. Shangazi alikuwa amegeuka.

"Hapo ni wapi?" aliuliza.

"Ni mchezo tu, Shangazi. Si mahali pa kweli."

"Ninaona. Na ile ngombe ni ya nani?"

Sikujua. Sikuwahi kujiuliza. Akasogeza kigoda.

"Unakimbia unaenda wapi? Tembea polepole, tuone."

Nikatembea polepole. Mwanamke mzee alitoka kwenye ile nyumba ya mawe na kuchota maji. Nilikuwa nampita, shangazi akanishika mkono. "Utamupita mutu kwake namna gani bila kusalimia?" Kulikuwa na kitufe cha kusalimia ambacho sikuwahi kukitumia. Nikakibonyeza. Yule mwanamke wa mchezo akajibu, akasema mvua ya mwaka huu imekuwa nzuri. Nilimtafsiria shangazi kutoka Kifaransa, naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Basi ikawa desturi. Mchana, umeme ukiwepo, shangazi alinawa uso, akafunga kitenge chake kisafi, akaketi karibu nami. "Twende," anasema. Nami nampeleka kilimani. Ng'ombe aliwapa majina. Alijua yupi anapenda kubaki nyuma na yupi anasukuma wenzake kisimani. Alinieleza jinsi walivyokuwa wanatengeneza mashanza nyumbani kwao, maziwa yakilala kwenye kibuyu mpaka yagande, na fromaji, ile jibini waliyoiuza kwa wafanyabiashara wa kutoka mjini. Mambo hayo hakuwahi kuyasema mezani. Mke wangu aliyasikia kutoka jikoni na kuniambia, "Usiache kumutembeza. Sasa hata anakula vizuri."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahia. Nilifurahia mwanzoni. Baadaye nikaanza kuchoka. Kilima kilikuwa kilekile, kisima kilekile, na ile habari kubwa ya mabwana wawili ilikuwa inanisubiri, imebaki sehemu ya mwisho tu. Nikawa namtazama shangazi akinawa uso, na moyoni nasema: leo tena.

Asubuhi moja alikwenda kanisani kwenye maombi ya wamama, na mke wangu alikuwa sokoni. Nikawasha mashine. Nilitaka kumaliza.

Karibu na mwisho, jemadari wa jeshi nililokuwa nalo alinijia kuniuliza njia. Tupite bondeni, tuzunguke, au tukate juu ya kilima? Bondeni kulikuwa na daraja la kutengeneza na watu wa kubembeleza, kazi ya siku kadhaa. Juu ya kilima kulikuwa na nyumba moja tu. Mchezo wenyewe ulinionya. Yule mwanamke mzee alikuja kambini na kuniomba jeshi lisipite kwake. Maneno yake yaliandikwa chini kwenye kioo cha televizio, na mimi niliyaruka, kwa sababu nilikuwa na haraka kabla shangazi hajarudi. Nikachagua kilima.

Niliona moshi kwa muda mfupi. Kisha vita ya mwisho, kisha mfalme, kisha muziki na majina ya waliotengeneza mchezo yakipanda taratibu. Nilisimama katikati ya sebule, nikainua mikono yote miwili juu. Nilikuwa na furaha. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi ya yote: kwa dakika chache nilikuwa na furaha kabisa.

Majina yalipokwisha, mchezo ulinirudisha katika ile nchi, niendelee kuzunguka nikitaka. Nikaenda kilimani. Majani yalikuwa meusi, nyumba haina paa, ng'ombe hakuna. Nilitafuta pa kurudia nyuma, nikakuta mashine imehifadhi mwisho huo na kufuta kila kitu cha zamani. Nikazima.

Mchana shangazi alinawa uso, akafunga kitenge. "Twende," akasema.

"Mashine imeharibika, Shangazi."

Alisikitika kwa ajili yangu. Alinipigapiga mgongoni, akasema vitu vya umeme ni hivyo. Kesho yake aliuliza kama imepata nafuu, kama anauliza hali ya mgonjwa. Keshokutwa yake alisema kule Ndosho kuna fundi mzuri, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kunisindikiza kwa miguu. Nikasema tungoje kwanza. Na jioni, tuliposali kabla ya chakula, baada ya kuwaombea wagonjwa, wasafiri na waliobaki milimani, aliongeza kwa sauti yake ya chini, "Na ile mashine ya mutoto wangu, Bwana, uikumbuke."

Nilifumbua macho. Mke wangu alikuwa ameshafumbua yake, na ananitazama. Yeye alijua mashine ni nzima. Baada ya siku ile alikuwa amenisikia nikiiwasha shangazi akiwa nje.

Tulipokuwa tunaosha sahani aliniambia, "Kesho utamuambia. Ao nitamuambia mimi."

Kesho yake nilimwita shangazi aketi. Niliwasha tu mashine na kumpandisha yule mtu wangu kilimani. Shangazi alitazama muda mrefu. Hakulia, hakushika kichwa. Aliniomba nizunguke nyumba, nikazunguka. Aliniomba nifike kisimani, nikafika.

"Ni nani alichoma?"

"Ni askari."

"Na nani aliwapatia njia?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Walikulazimisha?"

"Hapana. Ile njia ingine ilikuwa ndefu."

Nje mtu alipita akisukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, juu ya mawe, na nilimsikia mpaka alipofika mwisho wa barabara yetu.

"Kila siku ninajiulizaka," akasema, "mutu mwenye kuachia wengine njia, anakuwa anafikiria nini."

Hakuisema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu ambaye hatimaye amepata wa kumuuliza.

"Nilikuwa nafikiria kumaliza," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akaenda jikoni kumsaidia mke wangu kumenya viazi.

Nilimweleza baadaye kwamba ninaweza kuanza upya, kwamba nikicheza tena tangu mwanzo kilima kitakuwepo, na nyumba, na ng'ombe walewale. Alinisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mtoto anayekuahidi gari. "Acha, mwana," akasema. "Pumzika." Sijui kama alikuwa amenisamehe, au kama kwake hapakuwa na kitu cha kusamehe. Alinipikia, aliniombea, alicheka na mke wangu. Lakini mchana hakunawa tena uso, na kigoda alikirudisha penye mwanga, karibu na mlango.

Baada ya muda alimpata binamu yake Ndosho, mjane mwenye uwanja mdogo wa kupanda mboga, akahamia kwake. Mimi nilimbebea furushi. Sasa lilikuwa zito kuliko alivyokuja nalo, na hilo lilinipa faraja kidogo.

Nilipokwenda kumsalimia Jumapili moja, nilimkuta na wamama wa jirani, wengi wao wametoka milimani kama yeye. Alifurahi. Alinishika mkono na kunizungusha mbele yao.

"Huyu ndiye mutoto wa ndugu yangu," akawaambia. "Ndiye alikuwa ananitembeza."

"Alikuwa anakutembeza wapi?" mmoja akauliza.

"Kule kwa milima. Tulikuwa tunaenda kuangalia ngombe."

Wale wamama walinitazama. Siku zile barabara za kule zilikuwa hazipitiki, na mtu aliyethubutu kumpeleka mzee akaone kwao alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Mmoja alininyooshea mikono miwili kunisalimia. Mwingine aliniachia kiti chake. Shangazi alikuwa ameshageuka kutafuta kikombe, na sikuweza kujua kama alikuwa anajua alichokisema.

Ningeweza kuwaeleza. Maneno yalikuwepo, na yalikuwa machache. Nilikaa kwenye kile kiti, nikapokea chai, nikawashukuru.