Bonde Kwenye Paji la Mama

Kuishi kwingi ni kuona mengi, mwanangu, lakini katika hayo mengi ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote: siku niliyomwonyesha mama yangu picha yake, naye asijijue.

Nilikuwa kijana, mwalimu wa shule ya msingi kule Ruiri, na nilijiona fundi. Mhariri mmoja wa Nairobi alikuwa amenipa kitabu changu cha kwanza nikichoree picha, hadithi ya watoto kuhusu mama anayeteka maji wakati wa kiangazi. Nilichora kila jioni nikimaliza kusahihisha madaftari, ulimi nimeutoa nje kama mtoto. Mhariri alizipenda. Akanirudishia nikoleze wino hapa na pale tu, kisha zipelekwe kupigwa chapa. Shule zilikuwa zimefungwa, basi nikazibeba hadi nyumbani Runyenjes nikaringe kwa mama. Kijana akishasifiwa, utamwambia nini?

Mama hakusoma hata darasa moja. Alipangusa mikono kwa leso, akakaa kwenye kigoda, akazitazama moja moja bila haraka. Nami nikangoja sifa zangu.

"Huyu mama ni mzuri," akasema kwa Kiembu, lugha yetu. "Anatoka wapi?"

"Ni wewe, mama. Nimekuchora wewe."

Akatazama tena. Mwanamke wa picha zangu alisimama wima, mtungi juu ya kichwa, mkono mmoja kiunoni. Mama akacheka, wala hakunidharau. "Mimi nilibeba maji kwa kichwa lini?"

Mwanangu, kwetu wanawake hubeba mgongoni, kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Nimeliona hilo tangu nikiwa wa kubebwa. Lakini kuchora nilijifunza kwa kuiga picha za vitabu vya shule, na akina mama wa vitabu vile wote walibeba kichwani. Mkono wangu ukamzoea mama wa kitabu, ukamsahau aliyenizaa. Macho hayana pazia, wasemavyo wahenga, ila yangu yalikuwa nalo, tena zito.

Mama akasukuma kitambaa chake nyuma, akanishika mkono, akaviweka vidole vyangu kwenye paji lake. Palikuwa na bonde pale, laini, lililochimbwa na ukanda miaka yote hiyo. "Maji uliyooga, kuni, viazi vya sokoni, vyote vilipita hapa," akasema. "Ukinichora, usiniondolee hili."

Niliogopa, nakwambia kweli. Haikuwa hofu ya kugombezwa. Ilikuwa ile inayompata mtu kanisani watu wote wakinyamaza. Nilikuwa nimeishi na uso ule maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kuugusa.

Kesho yake nikaenda posta kumpigia mhariri simu, nikamwambia nataka kuzichora upya.

"Mwalimu, picha ziko sawa," akasema. "Watoto wa nchi nzima wamezoea hivyo. Ukianza upya utachelewesha printa, na hiyo kazi itabidi nipee mtu mwingine."

Kitabu cha kwanza ndicho mlango, mwanangu, na mimi niliuona wangu unafungwa. Nikamwomba anipe mpaka Jumatatu. Akaguna. "Sawa. Lakini Jumatatu ikipita, usinipigie."

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Nikamfuata mama mtoni na ubao wangu wa kuchorea. Kukaa achorwe alikataa katakata, akasema maji hayajileti. Akaupachika mtungi mgongoni, akauweka ukanda kwenye paji, akainama na kuanza kupanda kilima. Na kwa kuwa mikono ilikuwa huru, akatoa kiondo, kikapu alichokuwa akikisuka, akaendelea kukisuka huku akitembea. Mzigo mgongoni, nyuzi vidoleni, na njia iwakatayo wengine pumzi yeye anaipanda akiimba kwa ndani. Nilisimama nikasahau kalamu. Jambo nililoliona kila siku ya utoto wangu, siku ile ndipo nilipoliona. Kisha nikachora, picha zote, upya.

Jumatatu zilikuwa mezani kwa mhariri. Alichosema ni "Haya" tu, na kitabu kikatoka.

Vitabu vilipofika Ruiri niliwasomea wanafunzi wangu. Nilipofungua ukurasa wa kile kilima, msichana mmoja aitwaye Kinya akatoka kwenye dawati bila ruhusa, akaja mbele, akaweka kidole kwenye paji la yule mama, palepale penye bonde.

"Mwalimu, huyu ni shosho yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Ulimwonea wapi?"

Sikuwahi kumwona shosho wake. Nilimchora mama mmoja wa Runyenjes kama alivyo, na bibi wa Ruiri akatokea. Mpaka leo jambo hilo linanishangaza.

Jumamosi nikampelekea mama nakala yake. Aliitazama kwa muda mrefu, na nikauona mkono wake ukipanda polepole hadi kwenye paji. Kisha akasema, kama anayemhurumia jirani, "Maskini, amechoka huyu. Mwambie atue, amefika nyumbani."

Basi wewe unayeishika kalamu sasa, nisikilize. Mwacha asili ni mtumwa, na mchoraji wa watoto akiiacha asili yake huwatia watoto utumwani pamoja naye. Usichore kitu kwa sababu umezoea kukiona kimechorwa. Nenda ukakitazame, na ukiruhusiwa, kiguse. Anza na walio karibu, maana hao ndio tunaowatazama kidogo kuliko wote. Na mhariri akikuharakisha, mwombe Jumatatu.

Mungu aubariki mkono wako, mwanangu, na ayaondolee macho yako pazia. Na siku utakapopanda kilima chako na mzigo wako, awepo mlangoni wa kukuambia: tua, umefika nyumbani.