Goti la Sajini Chuma

Sajini Chuma alikuwa na kazi ambayo ukimweleza mtu anadhani unamtania: alilipwa mshahara kuwafundisha watoto wa watu jinsi ya kumwamrisha yeye. Wanafunzi wa chuo kikuu waliotaka uofisa walimjia kila Jumamosi kwenye uwanja ulio nyuma ya maktaba, wengine usingizi bado umewajaa machoni. Aliwafokea mpaka wakanyooka. Kisha siku ya kuvishwa nyota, yeye huyohuyo aliwapigia saluti na kuwaita afande. Hakuona ajabu yoyote. Alisema hata mwalimu wa udereva hukaa kiti cha abiria.

Kilichomnyima usingizi ni goti la kulia, ambalo lilikuwa limestaafu kabla ya mwenyewe. Mkewe alilikanda kwa maji ya moto kila jioni, huku akiligombeza goti na mwenye goti kwa pamoja. Hakuna mwingine aliyejua, maana utaratibu wa pale haukuwa na huruma: mkufunzi asiyeweza kupiga kwata ya gwaride huhamishiwa bohari, akapange mabuti na mablanketi hadi mwisho wa utumishi wake. Bohari yenyewe haikuwa na dirisha. Na Sajini aliupenda uwanja ule kuliko chakula. Msidhani natia chumvi, chakula alikiacha mara nyingi. Mkewe akamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akajibu kwamba goti si maradhi, ni kiungo.

Mwaka huo kwenye kikosi chake alikuwamo msichana aliyesomea udaktari wa mifugo. Shabaha alikuwa nayo, pumzi anayo, na akili tele. Tatizo ni kwamba alikuwa amelelewa, akalelewa tena. Kumwamrisha mtu mzima kulimshinda kabisa. Akitakiwa kusimamisha kikosi, alisema, "Naomba msimame." Wenzake wakambatiza Naomba, na jina likaganda. Mtihani wa kuongoza kikosi ulikwisha kumwangusha, na sasa amebakiwa na nafasi ya mwisho. Akishindwa, arudi kwa ng'ombe wake.

Sajini alimchukua pembeni akamtaka amwamrishe yeye, wakiwa wawili tu. Msichana akatazama viatu vyake. Alisema hawezi, Sajini ni rika la baba yake. Sajini akamjibu kwamba baba yake yuko nyumbani anapumzika, na aliye mbele yake ni askari.

"Adabu yako ni nzuri, mwanangu," alimwambia, "lakini siku ya hatari askari hangoji kubembelezwa. Anangoja kuambiwa. Ukinyamaza, unamzika na adabu zako."

Wakafanya mazoezi Jumamosi baada ya Jumamosi. Amri zilianza kutoka, ila nyembamba, kama za mtu anayeuliza bei.

Siku ya mtihani Meja aliyekuja kutahini alikaa kivulini na karatasi zake. Sajini alisimama mwisho wa mstari wa mbele, mahali pa yule anayefuatwa hatua na wote. Wengi wa umri wake wangekaa pembeni siku hiyo, lakini kukaa pembeni huleta maswali. Naomba akaanza, na sauti ikatosha. Mguu sawa. Mbele tembea. Nyuma geuka.

Kwenye kugeuka, goti likagoma. Sajini hakuanguka, alichelewa kidogo tu, akaendelea, uso umemkauka, mguu anauburuza kwa namna ambayo mtu aliye mbali hawezi kuona. Meja hakuona. Waliokuwa naye mstarini hawakuona.

Naomba aliona. Alikuwa ameshinda muhula mzima akitazama ng'ombe wanaochechemea, na ng'ombe nao hujitahidi kuficha. Akamtazama Sajini usoni. Sajini akamkazia macho kwamba endelea, imebaki nusu uwanja tu tumalize. Na tuseme ukweli, macho yale hayakuwa yakiamrisha. Chuma alikuwa anaomba.

"Kikosi, simama!" Sauti iligonga ukuta wa maktaba. "Sajini, toka mstarini. Kaa chini."

Mtu akaleta kiti cha plastiki. Sajini akatoka, akachechemea mbele ya kila mwenye macho, akakaa. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Miaka yote ile, na aliyemtoa uwanjani si Meja wala daktari, ni binti aliyemfundisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Meja akaja akataka kujua kwa nini kwata imekatizwa. Naomba akasema Sajini ameumia mguu, na kwa sasa ni askari wake. Meja akamgeukia Sajini, maana mkufunzi ndiye mwenye neno. Akauliza kama mwanafunzi huyu amekosea. Goti likiwa zima, amri ile ni ya ovyo na binti amekwisha. Goti likiwa bovu, Sajini alijua bohari iko upande gani.

Uongo alikuwa nao tayari, ameuzoea. Akamtazama Naomba. Msichana alisimama wima, na hakuomba kitu.

"Amri ni sahihi, afande," Sajini akasema. "Goti limeharibika siku nyingi. Nilikuwa naficha."

Meja akaandika, akamwambia msichana amalizie. Kikosi kikaondoka kwa sauti yake. Sajini akabaki kitini juani, machozi yanamtoka na hayafuti, huku akiudhika na kijana mmoja wa mstari wa nyuma aliyekuwa akichelewesha mkono. Alikuwa na uchungu, na alikuwa na furaha, na hakujua aanze na kipi.

Mtihani ukaisha. Wakampigia Naomba makofi, wakapiga picha, wakambeba juujuu hadi getini. Mfagiaji wa uwanja akafika na ufagio wake, akamkuta Sajini palepale, akamuuliza anangoja nini.

Sajini akamwambia ameamriwa akae, na aliyemwamrisha bado hajamwambia ainuke.